Mji Mkongwe kwa miguu midogo

Kutoka Chala hadi Zanzibar si mchezo. Ni Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, kisha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, ndipo mtu apande boti. Mzazi aliyejinyima miezi kadhaa ili watoto waione bahari hushuka bandarini na orodha ndefu kichwani. Anataka kila jengo lionekane, nauli isije ikaenda bure.

Ndivyo alivyoshuka baba mmoja wa Chala likizo ya Juni, akiwa na mkewe na watoto wawili, wa kwanza miaka minane, wa pili minne. Kufikia saa tano asubuhi, mdogo alikuwa ameketi chini katikati ya uchochoro, analia. Mtoto aliyezoea sweta asubuhi na jioni hawezi kutembezwa kama mtu mzima kwenye joto la pwani. Baba akaanza kufoka. Mama akawaketisha wote kwenye baraza ya nyumba, penye kivuli, akaagiza madafu.

Hapo barazani ndipo mdogo alipouona mlango wa jirani, wenye nakshi na misumari minene ya shaba iliyochongoka. Ya nini? Wenyeji husimulia kwamba mtindo huo ulitoka India, ambako misumari ilizuia tembo wasisukume milango. Machozi yakakauka. Kuanzia hapo safari ikawa ya kuhesabu milango, na orodha ya baba ikarudi mfukoni.

Wazazi wanaopanga safari kama hii wajipangie sehemu mbili tu kwa siku, moja asubuhi na moja jioni. Mchana watoto walale. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, ina uwanja wa ndani ambapo watoto wanaweza kukimbia. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020, lakini hata kulitazama kutoka nje kunatosha kwa mtoto. Jioni ni Forodhani, kwa urojo na maji ya miwa. Mdogo anaweza kuuliza ugali uko wapi, na hilo nalo si kosa.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo madafu hayasaidii. Ni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na ambapo sasa lipo Kanisa Kuu la Kianglikana. Uani kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Mama alitaka wapite mbali, watoto bado wadogo. Baba alisema watasikia tu shuleni, heri wasikie kwa wazazi wao kwanza. Wakakubaliana kugawana. Mdogo akabaki na mama kivulini, mkubwa akaenda na baba.

Mtoto alitazama muda mrefu.

"Baba, hata watu wa kwetu waliletwa hapa?"

Hapo mzazi hujaribiwa kusema, "Utaelewa ukikua." Baba hakusema hivyo. Alimweleza kwamba misafara ilifika hadi Ziwa Tanganyika, na kwamba safari iliyowachukua wao siku mbili kwa basi, watu hao waliitembea kwa miezi, wakiwa wamefungwa. Hakuongeza habari za viboko. Kwa miaka minane, hiyo ilitosha.

"Hakuna aliyepona?"

Hapo baba akamkumbuka Adrian Atiman. Hakuwa Mfipa. Alizaliwa mbali, karibu na Timbuktu, akatekwa angali mtoto. Mapadri wa Shirika la White Fathers wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956.

"Huyo wa hospitali ya Sumbawanga?"

"Huyo huyo, mwanangu. Alikuwa mtoto kama wewe walipomchukua."

Usiku ule mkubwa alichelewa kulala. Mama aliogopa kwamba ni zile sanamu. Alipomsogelea, mtoto aliuliza kama mama yake Atiman aliwahi kujua kwamba mwanawe amekuwa daktari. Mama hakuwa na jibu, akamwambia hivyo, akalala pembeni yake hadi usingizi ulipomchukua.

Familia imerudi Chala. Mdogo anasimulia milango, idadi ikiongezeka kila siku. Mkubwa ameomba likizo ijayo waende Karema. Safari hiyo haihitaji boti wala Dar es Salaam.