Ratiba Haijui Uzito wa Begi Lako

Anayetua Frankfurt akitokea Dar es Salaam au Nairobi, naye anakwenda mji ambao treni haifiki moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, hupewa tiketi yenye mstari mmoja ambao wengi huupita bila kuusoma: muda wa kubadilisha treni. Dakika 8 si ajabu. Mara nyingi tiketi hiyo imenunuliwa na ndugu anayeishi hukohuko Ujerumani, mwenye mazoea ya kusafiri na mkoba wa mgongoni, naye kwa nia njema kabisa amechagua safari fupi kuliko zote. Ninachosema ni kwamba kwa mgeni mwenye mizigo safari hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na kwamba saa nzima ya kusubiri kati ya treni mbili yafaa itafutwe makusudi.

Hesabu za reli yenyewe zinatosha kuonyesha hivyo. Mwaka 2024, katika treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu. Na hata hapo, treni huhesabiwa kuwa imefika kwa wakati mradi haijachelewa dakika 6, na iliyofutwa haimo kwenye hesabu. Kwa hiyo treni yaweza kuchelewa dakika 5, ikaandikwa kuwa haikuchelewa, na abiria wa dakika 8 akabaki na dakika 3. Ndani ya dakika hizo ateremshe mabegi kwenye ngazi za mlangoni, atafute lifti na kuomba Mungu isiwe mbovu, apite njia ya chini kwa chini, apande jukwaa jingine, kisha alitafute behewa lake. Treni moja ya kasi ya ICE huweza kuwa na urefu wa mita 374, na jukwaa limegawanywa kwa herufi ili kila mtu asimame panapostahili. Lakini kuna siku mpangilio wa mabehewa hugeuzwa, la mbele likawa la nyuma, na abiria wote wakaanza kukimbia upande wa pili. Mwenye mikono mitupu atafika. Mwenye masanduku mawili ataingia mlango wowote ulio karibu, kisha aanze kuyaburuta katikati ya viti huku treni inakwenda, akitafuta kiti alichowekewa mabehewa saba mbele. Akiwa na mfuko wa shangazi kaja usio na magurudumu, hali ni mbaya zaidi.

Wapo watakaosema saa nzima ni ya kupotezwa bure, hasa kwa mtu aliyekesha ndani ya ndege. Ila kwenye njia nyingi kuu za Ujerumani treni hupita kila saa moja au mbili, kwa hiyo atakayekosa ya kwanza atasubiri saa hiyohiyo, tena akiwa amepoteza kiti chake na hajui atakaa wapi. Aliyejipangia kusubiri anapata muda wa kwenda msalani, kula, na kuusoma ubao wa matangazo kwa utulivu. Sisemi kwamba kila nchi ni hivyo. Uswisi treni zaidi ya 9 kati ya 10 hufika kwa wakati, na huko kuchelewa huanza kuhesabiwa dakika ya 3. Ratiba nzima imepangwa ili treni zikutane stesheni kwa pamoja, na kubadilisha kwa dakika chache hakumtishi mtu.

Wengine hutegemea sheria. Ni kweli kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, iliyoanza kutumika Juni 2023, inampa abiria aliyechelewa kufika kwa dakika 60 robo ya nauli yake, na kwa dakika 120 nusu, ingawa kampuni husamehewa pakitokea mambo yasiyo ya kawaida. Lakini kanuni hiyo humfaa zaidi mwenye tiketi moja ya safari nzima. Aliyenunua vipande viwili mbalimbali kwa sababu ni rahisi kidogo, treni ya kwanza ikichelewa, kipande cha pili huweza kupotea chote. Paris ndiko hatari hii inakoonekana waziwazi: atokaye London kwa treni ya Eurostar hushukia Gare du Nord, na treni nyingi za kusini-mashariki mwa Ufaransa huondokea Gare de Lyon, ng'ambo ya jiji. Treni ya mjini ya RER D huunganisha stesheni hizo kwa vituo viwili tu, lakini kuna ngazi, mageti membamba na msongamano wa asubuhi, na milango ya treni za kasi za TGV hufungwa dakika 2 kabla ya kuondoka. Robo ya nauli haimbebi mtu sanduku.

Jibu linalotolewa haraka zaidi ni kupunguza mizigo. Kwa mtalii wa wiki moja ni jibu zuri. Kwa mama anayekwenda kumwona mwanawe baada ya miaka mingi, ambaye shirika la ndege limemruhusu mabegi mawili ya kilo 23, unga, dagaa na vitenge vilivyomo ndiyo heshima ya ziara yake, na sioni kwa nini aviache ili kuiridhisha ratiba. Japani walilitambua hilo zamani: huko abiria huweza kulituma sanduku hotelini kwa kampuni za kusafirisha vifurushi, likafika kwa kawaida kesho yake, na tangu 2020 mwenye begi kubwa kwenye baadhi ya njia za treni za kasi za Shinkansen hutakiwa kuliwekea nafasi mapema. Ulaya kutuma begi kwanza hakujawa mazoea ya wengi. Lakini programu ya Deutsche Bahn ina sehemu ya kuchagua muda wa chini wa kubadilisha treni, na ndugu anayemnunulia mama tiketi hahitaji zaidi ya kuongeza dakika hizo kabla ya kubonyeza kulipa.