Msaada Hupimwa kwa Kibaba, Si kwa Ahadi



Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba kikosi hakili karatasi. Ofisa wa ugavi aweza kutia sahihi hati mia moja, lakini lori la chakula lisipofika kambini, askari watalala na njaa. Hesabu ya kweli ni ya kilichofika, na siku kilipofika. Kwa kipimo hicho yafaa tuzipime serikali tajiri zinazowasaidia wakimbizi nchini Uganda.

Vita vilipozuka tena mjini Juba mwezi Julai 2016, ndugu zetu wa Sudan Kusini walimiminika West Nile. Makazi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa Agosti. Kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yamepokea watu zaidi ya 250,000. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulilitoa, na ardhi pia.

Wafadhili nao walitoa nini? Katika mkutano wa Kampala wa Juni 2017 zilitakiwa dola bilioni 2. Zilizoahidiwa zilikuwa kama milioni 358. Aprili 2020 posho ya mkimbizi ilishushwa hadi asilimia 70, na Februari 2021 hadi 60. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani, kwa ukosefu wa fedha, liliwakatia chakula wakimbizi wapatao milioni 1. Mwaka huo huo Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID.

Tuseme haki: bila fedha za wafadhili hao, wengi wangalikufa. Wala sisi tusijitie usafi. Uhakiki wa mwaka 2018 uliwaona wakimbizi wapatao milioni 1.1, ilhali madaftari yalitaja milioni 1.4. Mfadhili ana haki ya kuuliza mali yake imekwenda wapi, na mwizi aadhibiwe. Lakini kosa la mwandika daftari lisilipwe na mtoto mwenye njaa.

Tena kuna kasoro ya njia. Kwa miaka mingi sheria ya Marekani iliagiza sehemu kubwa ya chakula cha msaada inunuliwe kwa wakulima wake, na angalau nusu ipakiwe katika meli zake. Hivyo mkulima na mwenye meli walishiba kabla ya mwenye njaa, na shehena ilichukua miezi baharini, ilhali mahindi ya Uganda yangefika kwa lori kwa siku chache. Wafadhili hawana budi kuahidi kwa miaka kadhaa, kulipa kwa wakati, na kununua karibu.

Jambo hili latuhusu sisi wenye sare. Posho ikikatwa, anayesimama mlangoni mwa ghala tupu ni konstebo. Mkimbizi haioni ofisi ya ng'ambo iliyozuia fedha, anamwona yeye. Basi tuwe na subira, tulinde ghala bila kumpiga mwenye njaa, wala tusimwite mzigo. Tukumbuke kwamba mapema katika miaka ya 1980 ni watu wa West Nile wenyewe waliokimbilia Sudan na Zaire, wakapokewa huko.

Ahadi ni deni. Mdai hapa ni mama aliyeshika kibaba kitupu, naye hawezi kungoja mkutano mwingine.