Ada ya ukaguzi wa mizigo: ni malipo ya huduma au kodi nyingine?

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Gitega kwa njia ya Kabanga na Kobero hupita Muyinga na Karuzi kabla ya kushusha mzigo. Mwenye mzigo akisoma karatasi zake hukuta kwamba ushuru wa forodha na VAT si mwisho wa hesabu. Ipo pia mistari midogo ya ada, ambayo hutofautiana kwa nchi na kwa aina ya bidhaa: ada ya kushughulikia nyaraka, ya skana, ya kuthibitisha ubora. Mistari hiyo ndiyo inayozua ubishi kati ya wafanyabiashara na mawakala wao.

Sheria ya biashara ya kimataifa inasemaje? Kifungu cha 8 cha mkataba wa GATT kinasema ada za forodha zisizidi gharama ya huduma iliyotolewa, na zisigeuzwe kuwa chanzo cha mapato ya serikali. Burundi ni mwanachama wa WTO tangu 1995 na inafungwa na kifungu hicho sawa na majirani zake.

Hata hivyo, katika ukanda wetu ada nyingi hupigwa kwa asilimia ya thamani ya mzigo. Tanzania hutoza 0.6% ya thamani ya FOB kwa bidhaa zinazoingia kwa matumizi ya ndani. Kenya ilipandisha ada yake ya tamko la uagizaji hadi 3.5% mwaka 2019, kisha ikaishusha hadi 2.5% mwaka 2023.

Tatizo la asilimia ni rahisi kuliona. Chukua makontena mawili, moja la bidhaa za dola 10,000 na jingine la dola 60,000. Yote mawili yanapita kwenye skana ile ile, kwa dakika zile zile, mbele ya afisa yule yule. Kwa kiwango cha 0.6%, la kwanza litalipa dola 60 na la pili dola 360. Hiyo tofauti ya dola 300 imelipia huduma gani?

Marekani nayo ilishitakiwa kwa jambo hili hili. Mwaka 1986 ilianza kutoza ada ya forodha kwa asilimia. Kanada na Jumuiya ya Ulaya zikalalamika, na mwaka 1988 uamuzi wa GATT ukathibitisha kwamba asilimia isiyo na kikomo inavuka gharama ya huduma. Marekani haikufuta ada yake, bali iliiwekea kiwango cha chini na cha juu. Hilo ni jambo ambalo nchi zetu zinaweza kuiga bila kupoteza fedha za kuendesha mipaka.

Kwa Burundi liko jambo la ziada, nalo ni faranga. Mwezi Mei 2023 bei rasmi ya dola ilipanda ghafla kutoka kama faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,800. Ada ya nusu asilimia kwenye mzigo wa dola 40,000, tukitoa mfano tu, ingetoka faranga 400,000 hadi 560,000 bila serikali kubadilisha kiwango chochote. Mwenye duka wa Gitega hana pa kuipeleka nyongeza hiyo isipokuwa kwenye bei ya sabuni na mabati.

Serikali nazo zina hoja yao. Skana ni ghali, umeme na mafundi wanahitaji kulipwa, na magendo yakipita ni hasara kwa mfanyabiashara mwaminifu pia. Hakuna anayetaka Kobero bila ukaguzi. Swali ni kipimo cha malipo, na kama mzigo uliopita njia ya kijani bila kufunguliwa ulipe sawa na uliopekuliwa.

Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, sheria ni kali zaidi. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya 2004 inazitaka nchi wanachama kuondoa ushuru wa ndani pamoja na tozo zenye athari sawa na ushuru. Mfanyabiashara mdogo wa Muyinga mwenye bidhaa za asili ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani.

Kwa hiyo, ndugu msafirishaji, usikubali jumla moja isiyo na maelezo. Mtake wakala akuandikie kila ada kwa jina lake, kiwango chake na sheria inayoiruhusu. Dai stakabadhi rasmi kwa kila malipo. Ada isiyo na stakabadhi au isiyo na sheria, ipeleke kwenye kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiushuru. Jumuiya ilitunga sheria ya kuviondoa mwaka 2017, lakini malalamiko yasiyo na karatasi hayafiki mbali.