Kahawa Ni ya Nani Nyumbani?



Msimu mmoja wa kahawa, sisi wa kliniki ya wajawazito tulimpokea mama mwenye upungufu wa damu. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuosha kahawa. Tulimpa vidonge, tukamshauri ale pia maini, mayai na maharage. Akainamisha kichwa, akasema: "Nesi, kahawa ni ya baba watoto. Yangu ni ndizi."

Wengi wetu katika vihamba vya Kilimanjaro tumekua na neno hilo. Tangu mapadre wamisionari walipopanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, kahawa imehesabiwa mali ya mwanamume. Ndizi na maziwa ni vya mwanamke. Hebu tuifuate tangu mche hadi kikombe, tuone ni mikono ya nani inayoihangaikia.

Mche huanza kuzaa baada ya miaka 2 au 3. Muda huo wote unataka samadi, palizi na kivuli cha migomba. Samadi hiyo tunaizoa sisi zizini.

Matunda yakiiva tunachuma mekundu tu, na kuurudia mti uleule mara nyingi. Mabichi huharibu ladha na kushusha daraja. Kahawa humenywa siku ileile, huvundikwa siku moja au mbili mpaka ute ulegee, kisha huoshwa kwa maji safi. Huanikwa juu ya meza za wavu, si chini penye vumbi. Tunaigeuza mara kwa mara na kuifunika jua la mchana likizidi au mvua ikinyesha, hadi unyevu ubaki asilimia 11 au 12. Kilo 5 au 6 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa kavu. Hesabu, mama, umebeba ndoo ngapi!

Tubakize kidogo ya kunywa nyumbani. Ikishakobolewa, ikaange kwenye chungu au kikaango kizito, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha. Itageuka manjano, kisha hudhurungi, na kualika kama bisi. Epua kabla haijawa mkaa, ipepete ipoe upesi, twanga, hifadhi katika kopo lenye mfuniko. Lakini tusiinywe pamoja na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Tungoje kama saa moja. Mjamzito asizidishe vikombe viwili vidogo kwa siku.

Mke mwema wa Mithali 31 alipanda shamba kwa mapato ya mikono yake, na mumewe hakupungukiwa heshima. Basi kabla ya msimu tukae na waume zetu, kwa upole, daftari mezani: ada za watoto, pembejeo, zaka, na fungu la chakula cha mama. Tusingoje fedha ziingie ndipo tuanze kugombana.

Yule mama tulimwomba aje na mumewe. Hatukumlaumu. Tulimwonyesha kipimo cha damu, tukamwomba atazame vidole vya mkewe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Nesi, hayo maini ale mara ngapi kwa wiki?"

Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zetu.