Nani Anawajibika kwa Maandishi ya Tairi?

Mwezi uliopita, nikiwa Majengo mjini Mpanda, nilipeleka gari kwa fundi wa tairi kabla ya safari ya Sumbawanga. Siku chache nyuma nilikuwa nimenunua matairi mawili, na muuzaji alikuwa amenihakikishia kuwa ni mapya. Fundi, kijana wa rika la wanafunzi wangu, aliinama, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi, akaniambia: "Mwalimu, hili linasoma 1112. Hilo jingine namba zake zimekwanguliwa."

Nina shahada ya uzamivu, lakini ilinibidi nifundishwe na kijana yule kusoma tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi langu "jipya" lilitengenezwa mwaka 2012, mwaka uleule ulioanzishwa Mkoa wa Katavi. Lile la pili halikuwa na umri wowote. Historia yake ilikuwa imefutwa kwa kisu au msasa.

Ndugu msomaji, maandishi yale si urembo. Mpira huzeeka kwa joto na hewa hata ukiwa stoo, na kashata nene haizuii tairi lililozeeka kupasuka. Kuna pia namba ya uwezo wa kubeba. Tairi lenye namba 91 linaruhusiwa kubeba kilo 615. Lenye namba 82, kilo 475. Gari likifungwa matairi manne ya 82 yaliyoandikwa kwa makosa kuwa ni 91, dereva ataamini ana nafasi ya kilo 560 ambazo hana: magunia matano ya mahindi na ziada, juu ya joto la barabara yetu ya mwezi Oktoba.

Wenzetu walijifunza kwa gharama kubwa. Agosti 2000 nchini Marekani, kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kuyarejesha matairi takriban milioni 6.5 baada ya vifo vya watu wengi. Mwaka huohuo Bunge lao lilitunga sheria iliyobana zaidi wajibu wa watengenezaji kutoa taarifa. Leo kiwanda kikibaini kwamba kimekosea hata idadi ya tabaka za nyuzi iliyoandikwa ubavuni, kinatakiwa kuitaarifu serikali. Kikiona kosa hilo halihatarishi usalama, ni lazima kiombe rasmi kusamehewa wajibu wa kurejesha bidhaa, na maombi hayo hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Mara nyingi ombi hukubaliwa. Lakini zingatia hili: mwenye kosa ndiye anayejieleza, na anajieleza hadharani.

Kwetu mzigo umeelekezwa upande mwingine. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji mwaka 2009, tunategemea sana matairi ya kutoka nje. Tunalo Shirika la Viwango (TBS) lenye sheria ya mwaka 2009, Tume ya Ushindani (FCC) yenye sheria ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na LATRA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kusimamia usafiri wa ardhini. Vyombo havikosekani. Hata hivyo, chombo ambacho dereva wa Majengo hukutana nacho kila siku ni askari wa usalama barabarani, na askari humuuliza mtu wa mwisho katika mnyororo, yule asiye na uwezo wa kujua tairi lilitoka wapi. Mwagizaji hayupo pale. Muuzaji naye yuko dukani, akiuza jingine.

Najua hoja itakayotolewa: wananchi ni maskini, na ukipiga marufuku tairi la mtumba utakuwa umemwondoa barabarani mwenye gari la kubebea mpunga. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana siombi marufuku nyingine wala kifungu kipya cha faini. Faini kwa asiyejua haimfundishi chochote. Humfundisha tu kujadiliana na askari.

Ninachoomba ni kidogo. Stakabadhi ya kila tairi iandike namba yake ya utambulisho, juma na mwaka wa kutengenezwa, uwezo wake wa kubeba, na kama ni jipya au la mtumba. Tairi lililokwanguliwa namba lichukuliwe kuwa ni kosa la aliyeliuza. Na maana ya namba hizo ibandikwe dukani kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Maskini atabaki na haki ya kununua tairi la zamani, lakini atalinunua akijua ni la zamani, kwa bei ya la zamani, na atajua aende nayo wapi kasoro ikijitokeza.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua kwamba hayo hayahitaji taasisi mpya. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani likizo, inameni msome tairi la basi kabla ya kupanda.

Mimi niliyaacha matairi yale kwa fundi, nikaahirisha safari siku mbili. Nilipomrudia muuzaji aliniuliza: "Una uthibitisho gani kwamba ni ya kwangu?" Nilitoa stakabadhi. Ilikuwa imeandikwa: "Tairi 2."