Jina la Ushirika si Mali ya Fundi

Wakulima wa vitunguu saumu wa Mbulu na wenzao wa ngano na maharage wa Hanang hawategemei tena gulio peke yake. Mnunuzi wa mbali hutafuta bidhaa katika intaneti kabla ya kupanda gari, na anwani aiandikayo, iitwayo kikoa, ndiyo kibao cha duka cha siku hizi. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kuwakumbusha viongozi wa ushirika, na wanachama wenyewe, kanuni za kuuza na kuhamisha majina hayo; kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza ifahamike kwamba jina la kikoa halinunuliwi likawa la mtu milele. Ni haki ya kulitumia kwa muda uliolipiwa, mfano wa haki ya ardhi ya kijiji. Mkulima wa Dongobesh akitaka kumwachia mtu mwingine shamba lake la kimila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yamtaka apate idhini ya halmashauri ya kijiji. Vivyo hivyo majina yaishiayo na .tz yana daftari lake, lililo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nayo huandikishwa kwa wasajili walioidhinishwa. Aliyeandikwa daftarini ndiye atambuliwaye. Aliyetoa fedha bila kuandikwa atahangaika kuthibitisha haki yake.

Hapo ndipo penye hatari. Chama humwajiri fundi, naye huliandikisha jina kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake. Siku wakigombana, au fundi akihama, wanachama huwa wageni nyumbani mwao.

Pili, kubadili mwenye jina na kuhama msajili ni mambo mawili. Kuhama msajili huhitaji namba ya siri ya uhamisho. Aishikaye ameshika ufunguo wa ghala. Kwa majina kama .com, kanuni za ICANN zamruhusu msajili kukataa uhamisho katika siku 60 za kwanza tangu jina kusajiliwa.

Tatu ni fedha. Mwaka 1999 jina business.com liliuzwa dola milioni 7.5, na penye fedha matapeli hawakosi. Mnadani Katesh hakuna mwenye akili alipaye ng'ombe asiyemwona. Basi mapatano yaandikwe, na fedha zishikwe na mtu wa tatu aliyeaminiwa na pande zote mbili, mpaka daftari lionyeshe jina la mnunuzi.

Majina ya go.tz hayauzwi, ni ya vyombo vya Serikali. Hekima yake ilionekana Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yalipoua watu zaidi ya 80. Katika msiba kama huo wananchi hutaka anwani wanayoiamini. Jina likiangukia mikononi mwa mlaghai, hata mchango wa yatima huibwa.

Viongozi na waitishe mkutano, wajibu maswali manne: jina limeandikwa kwa nani? Ada hulipwa na nani? Muda wakwisha lini? Namba ya siri iko wapi? Tena liandikwe azimio kwamba jina la chama halitauzwa wala kuhamishwa bila idhini ya mkutano mkuu. Jasho lililolijenga jina hilo ni la wote, na uamuzi juu yake hauna budi kuwa wa wote.