Msituandikishe kwenye orodha kwa sababu ya filamu

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, na zaidi nyinyi familia mliohama makwenu mkapokelewa hapa Beni, leo sileti habari ya njia wala ya bei ya unga. Naleta ubishi, na naomba munisikilize mpaka mwisho mbele ya kunijibu.

Kuna filamu inayozunguka mitaani. Vijana wanapeana kwenye flashi, na jioni wanakaa watu kumi mbele ya telefone moja. Inaitwa Unlocked, ni ya Korea Kusini, ilitoka mwaka 2023, na aliyeitengeneza ni Kim Tae-joon. Hadithi yenyewe ilianzia Japani: kwanza kilikuwa kitabu cha Akira Shiga, kisha filamu ya Hideo Nakata ya mwaka 2018. Binti mmoja, Na-mi, anaangusha telefone yake ndani ya basi. Anayeiokota ni muuaji. Anaivunja kioo, anamwelekeza binti kwa fundi, na fundi ni yeye mwenyewe. Anamwomba kode ya kufungulia, binti anatoa. Tangu siku hiyo anamwona kupitia kamera, anasoma mesaji zake, anajua anakula nini na anaonana na nani. Na porini polisi wanafukua maiti za wale waliomtangulia.

Filamu inatisha, sikatai. Shida yangu ni watu wanachokitoa ndani yake.

Wiki iliyopita, katika grupu moja ya WhatsApp ya mtaa ambamo mimi pia nimo, msimamizi alitoa amri. Kila mtu aandike jina lake kamili, aweke picha ya karte ya uchaguzi, ataje kijiji alichotoka na nyumba anamolala. Asiyefanya hivyo atatolewa. Sababu yake aliieleza hivi: mmeona filamu, muuaji ni mtu asiye na jina, kwa hiyo tuondoe wasio na majina. Watu wengi wakaweka kidole gumba. Kufika usiku, familia tatu za wahamaji zilikuwa zimeshaandika kila kitu, mpaka idadi ya watoto.

Nasema wazi: ndugu yetu ameitazama filamu kichwa chini, miguu juu.

Yule muuaji alikosa jina? Hapana. Alikuwa na jina zuri, na duka, na sura ya kijana mpole anayekuja kukaa kwa baba ya Na-mi kama mteja. Polisi mmoja mzee anamtafuta akiamini kwamba ni mtoto wake mwenyewe aliyepotea, kwa sababu jina ni la mtoto wake. Anayetaka kuitazama bado anisamehe, lakini mwisho ndio wenye fundisho: hakuwa yule mtoto. Mtoto aliuawa zamani, na muuaji akavaa jina lake kama mtu anavyovaa koti la marehemu. Mtu wa namna hiyo ungemwambia aweke picha ya karte, angeiweka wa kwanza. Karte ya mtu mwingine.

Na Na-mi alimalizwa na nini? Jina lake mwenyewe. Muuaji aliingia kwenye akaunti yake akaandika maneno ya kuwatukana watu wa kazini. Wote waliamini, kwa sababu maneno yalitoka chini ya jina lake na picha yake. Kazi ikaharibika, wenzake wakamkimbia, akabaki peke yake, na peke yake ndipo muuaji alipomtaka. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba neno likiwa na jina chini yake basi ni la kweli.

Wengine watasema: hiyo ni filamu, tupe jambo lililotokea kweli. Nalo liko, na ni baya kuliko filamu.

Mwaka 2017, katika mji wa Zama, Japani, mwanaume anayeitwa Takahiro Shiraishi aliua watu 9 kwa muda wa miezi kama miwili. Wanawake 8 na mwanaume 1, mdogo wao mwenye miaka 15, mkubwa miaka 26. Aliwapata kwenye Twitter. Alitafuta watu walioandika kwamba wamechoka kuishi, akawaambia kwamba anawaelewa na atawasaidia, kisha akawaita nyumbani kwake. Alitumia akaunti zenye majina ya bandia, ndiyo. Lakini angalieni alivyokamatwa. Hakuna orodha ya majina iliyomkamata. Kaka wa binti mmoja aliyepotea alifungua akaunti ya dada yake akaona aliongea na nani. Mwanamke mwingine akakubali kusaidia, akapanga na yule mtu waonane, polisi wakamfuata mpaka mlangoni kwake. Alihukumiwa kifo Desemba 2020, na alinyongwa Juni 2025.

Kilichomfungulia Shiraishi mlango kilikuwa upweke. Watu 9 walilia mbele ya ulimwengu wote, na aliyewajibu haraka alikuwa muuaji. Hapo ndipo pa kututia aibu. Kwenye grupu zetu nasoma mara nyingi mama akiandika usiku kwamba hana tena nguvu, kwamba heri angebaki kule shambani na waliobaki. Chini yake mtu anaweka tangazo la makala. Hakuna anayejibu. Msimamizi anayetaka picha ya karte yake, je, amewahi kumwuliza mama huyo amelala vipi?

Sasa, hiyo dawa ya kulazimisha majina, wenye filamu yenyewe walishaijaribu. Korea Kusini mwaka 2007 ilianza sheria ya namna hiyo: kwenye mitandao mikubwa huwezi kuandika kitu mbele ya kuthibitisha wewe ni nani kwa namba ya kitambulisho chako. Mitandao ikajaza majina na namba za watu. Mwaka 2011 wezi wa intaneti waliingia katika mitandao miwili, Nate na Cyworld, wakachukua habari za watu kama milioni 35. Nchi ile ina watu kama milioni 50. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo, majaji wote kwa sauti moja. Walisema inabana uhuru wa kusema, na haikuonekana kupunguza matusi na uovu uliofanya iwekwe. Nchi yenye polisi wa kompyuta na umeme usiokatika ilishindwa kulinda orodha yake. Msimamizi wetu atailinda na nini, na telefone anayoisharjisha dukani kwa watu akiiacha pale mchana mzima?

Ndugu zangu, sisi wa mashariki hatuhitaji kufundishwa orodha ni kitu gani. Wengi wenu mmetoka kijijini usiku, hamkubeba hata sahani. Karte iliungua pamoja na nyumba. Kwa amri hii wewe ndiwe wa kwanza kutolewa, wewe unayehitaji habari ya njia na ya msaada kuliko wote. Na aliye na karte anaandika nini? Jina, kijiji, nyumba anamolala, watoto wangapi. Grupu lina watu mia mbili na zaidi, na msimamizi hawajui nusu yao. Yule mtu mbaya tunayemwogopa akiwa ndani, tumemwandikia kazi yake yote kwa mkono wetu.

Mimi kazi yangu ni habari. Nikikwambia kwamba mama mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe amesema hivi na vile, jina lake nalijua, na nimemwona kwa macho yangu. Wewe hulijui, na ndiyo sababu bado anaweza kwenda shambani. Siku sheria ya mtaa itakaponilazimisha kulitaja, mama huyo atanyamaza, na wewe msikilizaji hutajua tena kilichotokea. Wanaosema asiye na kosa hana cha kuficha, nawauliza: binti aliyebakwa ana kosa gani? Mzee aliyeona wauaji usoni ana kosa gani?

Sikatai kwamba kuna wanaojificha nyuma ya namba wakatupa uvumi ndani ya grupu, watu wakakimbia bure, watoto wakapotea njiani. Hao nawachukia kama wewe. Lakini dawa yao ni kuuliza. Habari ikiingia, msimamizi ampigie aliyeituma asikie sauti yake. Amwulize: umeona mwenyewe au umeambiwa? Na nani? Akishindwa kujibu, mesaji ifutwe na yeye atolewe. Mtu mmoja au wawili waaminifu waweza kumjua aliyesema. Si lazima watu mia mbili wamjue.

Na kama filamu imewatisha kweli, basi tuogope pale inapotuonyesha. Ukipeleka telefone kwa fundi, usimwachie kode. Kaa hapo, ifungue wewe mwenyewe, ondoka nayo. Ukimwachia mwenye kusharji, izime kabisa. Ukipokea mesaji kutoka kwa mtu unayemjua ikiomba makuta au ikitukana, usihukumu mbele ya kumpigia. Binti akiitwa na mtu aliyemjua kwenye telefone tu, anayemwahidi kazi au msaada wa wahamaji, asiende peke yake, na wa nyumbani wajue anaenda wapi. Mwambieni hivyo bila kumtukana, maana binti anayetukanwa nyumbani ndiye anayeenda kwa siri. Na mtu akiandika kwamba amechoka na maisha, jibu. Usiku huohuo. Ukiweza, nenda.

Kwa msimamizi wa grupu, ambaye ni ndugu na jirani na ambaye najua hakuwa na nia mbaya: futa ile orodha leo. Futa na zile picha za karte zilizobaki ndani ya telefone yako, uwaambie wote waliozipokea wafanye hivyo hivyo. Wale waliotolewa kwa kukosa karte uwarudishe, uwaombe radhi.

Nanyi wa familia zile tatu, najua mnanisoma. Hamkukosea, mlitii tu. Lakini mtu mwingine akija kesho na daftari au na telefone akitaka jina, kijiji na idadi ya watoto, mwulizeni kwanza yeye ni nani, orodha inaenda wapi, na nani ataitunza. Asipojibu, msiandike.